Ng'ombe Wasiotajwa

Wewe unayeshika simu saa hii, usijifanye hujui. Umewahi kuteremsha kidole hadi chini kabisa ya ukurasa, pale maandishi yanapokuwa madogo kama mayai ya chawa? Hujawahi. Unabonyeza unachokitaka, unapata chako, unaenda zako. Walioandikwa pale chini hukuwasoma, na siku walipofutwa hukuona pengo. Uliangalia kando, kama ulivyoangalia kando wakati kisima walichochimba akina mama wa kanisa kilipobandikwa kibao chenye jina la mheshimiwa. Pampu ilipokufa, mheshimiwa hakujua hata inafunguliwa upande gani, na wale akina mama walikuwa wameshanuna wakarudi makwao. Wengine wetu hatukusahau. Hatusahau upesi.

Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maana yake si ngumu: usimdharau wala kumfuta aliyekusaidia, kwa sababu shida iliyokupeleka kwake jana haijaondoka duniani. Watoto huiandika methali hii shuleni wakapewa alama, kisha wakakua wakawa wakubwa wa maofisi wakaisahau. Basi sikiliza jinsi ilivyotimia kati ya Bungoma na Kitale, na uone ni nani aliyelipa.

Nasike alizaliwa Bokoli, katika boma la mama mjane aliyeitwa Nasimiyu. Boma lile halikuwa na ng'ombe wa kulimia. Kila mvua zilipokaribia, Nasimiyu aliazima: dume moja kwa huyu, jingine kwa yule, na plau kutoka kanisani. Alikuwa na desturi yake moja. Kabla ya ardhi kuchanwa, alisimama mbele ya wale ng'ombe, akashika pembe, akapaza sauti hadi waliokuwa wakipita barabarani wakageuka.

"Huyu mweusi ni wa Kizito. Huyu wa mabaka ni wa Mary Ann. Plau ni ya kanisa. Langu mimi ni jasho tu!"

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. "Nasimiyu anatangaza umaskini wake kama mnada," walisema. Nasike na dada yake mkubwa, Roselyne, walijificha nyuma ya mahindi kwa aibu.

Kisha siku moja, katikati ya shamba, yule dume mweusi alipiga magoti akakataa kuinuka. Kijana aliyeshika plau aliinua mjeledi. Roselyne hakungoja. Alijua ng'ombe ni wa nani, kwa hiyo alijua pa kukimbilia. Kizito alifika akihema, akamfungua nira, akaonyesha bega lililochubuka hadi nyama.

"Mngemchapa hapa angewafia," alisema. "Huyu ana kidonda cha zamani. Si mngeniita mapema, bana."

Jioni Nasimiyu aliwaambia binti zake, "Mnadhani namtaja Kizito ili nimshukuru? Shukrani ni kipande kidogo. Namtaja ili ng'ombe akianguka, kila mtu ajue pa kukimbilia. Mwenye kulima kwa ng'ombe wasiotajwa, siku moja atavuta plau mwenyewe."

Nasike aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mawili. Lakini sikio likisikia, mkono si lazima utii.

Alikua, akasomea kompyuta mjini Bungoma, akaajiriwa Kitale na shirika lililojiita Mkono wa Heri. Mkubwa wa shirika alikuwa Makokha, mtu wa tumbo la mbele na maneno laini kama siagi ya moto. Roselyne kwa wakati huo alikuwa ameolewa na Jotham, mkulima wa mahindi upande wa Naitiri. Mimba yake ya kwanza iliharibika, akavuja damu hadi akawa mweupe midomoni. Aliponea chupuchupu, kwa sababu muuguzi wa hospitali ndogo ya Naitiri, aliyeitwa Vivian, alitoka mbio akaingia sokoni na kupiga kelele akiomba watu wenye damu kama ya Roselyne. Hospitali ile ndogo ilikuwa na chumba cha upasuaji na madaktari wa kutosha. Jokofu lake la damu ndilo lililokuwa tupu mara nyingi kuliko kujaa.

Kelele zile za sokoni ndizo zilizomfanya Nasike aunde Damu Jirani. Ulikuwa mfumo rahisi. Watu walijiandikisha na aina ya damu yao. Muuguzi akiwa na mgonjwa anayevuja, alibonyeza kitufe kimoja, na simu za wenye damu ifaayo wanaoishi karibu zikalia zote kwa pamoja. Muuguzi naye alionyeshwa tiki ya kijani na neno "Umetumwa". Vivian alipoujaribu mara ya kwanza, watu walijitokeza kabla hajamaliza kunawa mikono. Tangu siku hiyo hakuingia tena sokoni kupiga kelele.

Lakini Nasike hakuujenga peke yake, na hakuna anayejenga peke yake. Kazi ya kubeba jumbe kutoka hospitalini hadi kwenye simu za watu ilifanywa na programu iliyoitwa Tarishi, aliyoikuta mtandaoni ikitolewa bure. Mwenye kuitengeneza aliweka sharti moja tu: atajwe chini ya ukurasa, na mstari ule uunganishwe na ukurasa wake. Haikuwa majivuno. Kwa kufuata mistari ile, yeye aliweza kujua ni akina nani wanaitumia kazi yake, na wao wakajua pa kumpata.

Nasike alipoandika mstari ule, alikumbuka sauti ya mama yake. Akaandika hivi: "Mfumo huu umelimwa kwa ng'ombe wa watu. Jumbe zake zinabebwa na Tarishi, kazi ya Wamboi Ngari. Ng'ombe akianguka, mwite mwenyewe hapa." Aliusoma, akatabasamu, akauacha.

Ikakaribia siku ya kuuzindua rasmi. Wafadhili walikuwa njiani kutoka ng'ambo, na ukumbi ulikuwa umekodiwa Bungoma. Makokha alimwita Nasike ofisini, akageuza kompyuta imwelekee.

"Dada, hii kitu hapa chini ni nini? Ati ng'ombe?"

"Ni shukrani, bosi. Na ni anwani."

"Ng'ombe, Nasike! Wageni wanatoka Ulaya kuja kuona teknolojia, wewe unawaonyesha zizi?"

"Basi nibadilishe maneno. Niandike tu, 'Umewezeshwa na Tarishi ya Wamboi Ngari.'"

"Wamboi ndiye nani? Anafanya kazi hapa?"

"Hapana."

"Tumemlipa?"

"Hakutaka malipo. Alitaka atajwe tu."

Makokha alicheka, akajifuta jasho la shingo kwa leso. "Mtu ambaye hakutaka malipo hana haja ya kutajwa. Sikia, mdogo wangu. Mimi nikisimama mbele ya wale watu niseme tumeazima hapa, tumeazima pale, wataniuliza: basi wewe umefanya nini? Andika, 'Umeundwa na Mkono wa Heri.' Nukta."

"Lakini bosi, si tumeazima kweli?"

"Nasike." Sauti yake ililainika, na ilipolainika ndipo ilipotisha. "Mkataba wako unaisha lini vile?"

Nasike aliangalia mikono yake. Angeweza kukataa. Angeweza hata kumwandikia Wamboi amwambie limetokea jambo. Hakufanya hata moja. Alirudi mezani pake, akaufuta mstari ule wote, kitufe kimoja kikirudi nyuma herufi baada ya herufi, hadi pakabaki peupe. Hakuna aliyepiga yowe, wala radi haikupiga. Maovu mengi huwa kimya kama panya katika pamba.

Siku ya uzinduzi Makokha alisimama katika suti yenye rangi ya samli akasema, "Hii kazi tumeifanya kwa mikono yetu wenyewe!" Ukumbi ukapiga makofi. Nasike naye akapiga. Mama yake alikuwa ameketi nyuma, kitambaa cha kanisa kichwani, Roselyne mjamzito ubavuni pake. Walipotoka nje Nasimiyu alimvuta kando.

"Mwanangu, ng'ombe walikuwa wa nani?"

"Mayi, tafadhali. Hayo ni mambo ya shamba."

"Nimeuliza tu. Sikusikia wakitajwa."

Roselyne alicheka, akamgusa mdogo wake shavuni. "Mwache, Mayi. Leo ni siku yake. Nasike, huyu akija salama nitampa jina lako, hata kama ni dume!"

Nasike alicheka, akaangalia kando.

Miezi ikapita, mahindi yakafika kiunoni. Katika majira hayo kampuni za simu zilibadilisha namna ya kupokea jumbe. Tarishi wa zamani akawa kama mtu anayepeleka barua kwenye nyumba iliyohamwa: mlango unafunguliwa, barua inapokelewa, kisha inatupwa jalalani, naye anarudi akisema, "Nimefikisha." Wamboi aligundua jambo hilo mapema. Aliitengeneza programu upya, akaanza kuwatafuta waliokuwa wakiitumia mmoja mmoja kwa kufuata ile mistari ya chini. Kila aliyekuwa na mstari alionywa. Mkono wa Heri hawakuwa na mstari.

Roselyne alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ya soko. Jotham alimpakia kwenye pikipiki ya jirani, akawafuata kwa miguu katika matope. Mtoto alizaliwa mchana, msichana, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza kumtoka mama yake, na haikukoma.

Vivian alifanya yote aliyofundishwa. Madaktari walijiandaa. Jokofu lilikuwa tupu. Akabonyeza kitufe cha Damu Jirani. Tiki ya kijani ikatokea. "Umetumwa."

"Wanakuja," alimwambia Jotham. "Hawajawahi kuchelewa."

Wakangoja. Jotham alikwenda langoni, akarudi. Akaenda tena. Hakuna mtu. Vivian akabonyeza mara ya pili. Tiki nyingine, kijani kibichi kama jani la mahindi. Jotham akampigia Nasike.

"Shemeji, watu hawaji!"

Nasike, kule Kitale, aliufungua mfumo. "Wanakuja, Jotham. Naona hapa, imetumwa kwa wote. Tulia. Mwambie Roselyne atulie."

"Anasema anasikia baridi."

"Mfunikeni. Wako njiani."

Hawakuwa njiani. Mmoja wao, Sellah, fundi wa nguo, alikuwa ameketi na cherehani yake pale pale sokoni, mbele ya lango la hospitali, simu mapajani, akishona sare ya shule na kutaniana na wateja. Damu iliyohitajika ilikuwa inatembea katika mishipa yake, mwendo wa kutupa jiwe. Simu yake ilikuwa kimya kama kaburi.

Hatimaye Vivian aliacha kuiamini ile tiki. Alitoka mbio na aproni yenye damu, akaingia sokoni akipiga kelele kama zamani. Sellah aliruka juu, kanda ya kupimia ikining'inia shingoni, akaangusha kiti.

"Mimi hapa! Ni mimi! Mbona simu haikulia? Iko hapa, sikuzima! Vivian, si nilikuwa tu hapa?"

Walikimbia pamoja. Walipofika mlangoni walimkuta Jotham ameketi sakafuni, kichanga mikononi, akikibembeleza na kukibembeleza, ingawa kilikuwa kimelala. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Walimzika Roselyne nyumbani kwa mumewe. Wachimba kaburi walipomaliza, kabla ya mchungaji kufungua kinywa, Nasimiyu aliinuka. Watu walidhani anataka kulia. Alikwenda hadi kwenye rundo la udongo, akagusa mipini ya vifaa mmoja mmoja, akasema kwa sauti iliyopasuka lakini ikasikika hadi nyuma:

"Jembe hili ni la Kizito, amelileta kutoka Bokoli. Sururu ni ya kanisa. Koleo ni la Sellah. Hema ni la majirani. Wangu mimi ni mtoto tu."

Nasike alianguka pale alipokuwa amesimama. Wanawake walimshika wakidhani ni uchungu wa dada. Ulikuwa uchungu wa dada, na kitu kingine kibaya zaidi: alikuwa ameanza kuelewa.

Aliporudi Kitale hakuingia ofisini. Alilitafuta jina la Wamboi Ngari hadi akalipata, na alipoona anwani alidhani amesoma vibaya. Ilikuwa barabara ile ile ya ofisi yao. Alivuka, akapanda ngazi juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo la mzee Ngari, akamkuta mwanamke wa rika lake ameketi dirishani na kompyuta iliyochakaa, gunia la chakula cha kuku likiwa kama kiti cha wageni. Nasike akaeleza alipotoka na alichokuja kuuliza. Alipofika kwenye ile tiki ya kijani, Wamboi alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mnatumia Tarishi? Ninyi, hapo ng'ambo ya barabara?"

"Tangu mwanzo."

"Niliwapigia watu wote," Wamboi alisema polepole. "Nilimpigia mtu wa Brazili, nikazungumza naye karibu kwa ishara tu. Nilikesha nikimtafuta jamaa mmoja wa Ufini. Na wewe..." Akaonyesha dirisha. "Wewe nakuona kila asubuhi pale chini, ukinunua mandazi. Ningekuita tu kutoka hapa. Ningekutupia kokoto. Mstari wenu nilikuwa nauona zamani, wa ng'ombe, nikacheka sana, nikaupenda. Halafu ukatoweka. Nikasema, aa, hawa wameacha kutumia."

"Niliufuta mimi," Nasike alisema. "Kwa mkono huu."

Wamboi hakumlaani. Labda angemlaani ingekuwa afadhali. Alivuta kompyuta, akaomba aonyeshwe mfumo, akaanza kazi. Chai waliyoletewa na mama yake Wamboi haikuwa imepoa alipomaliza. Mbali kule Naitiri, simu ya Sellah ililia kwa mara ya kwanza katika majira yote ya mvua. Ulikuwa ujumbe wa majaribio. Sellah aliuona akaacha kushona, akalia.

Unataka kujua Makokha alifanyaje? Aliitisha waandishi wa habari akasema palikuwa na "tatizo dogo la mtandao". Wafadhili walipouliza ni nani anayeijua ile mashine kwa ndani ili isirudie kuua, Makokha huyo huyo alipanda ngazi za duka la mbegu, akisimama kila baada ya vidato kadhaa kuvuta pumzi.

"Dada Wamboi," alisema akitabasamu, "sisi ni majirani. Tunaweza kukuweka pale chini. Kwa herufi ndogo ndogo, si ndiyo?"

Wamboi hakuinua macho. "Mimi sikuomba herufi kubwa, mzee. Herufi ndogo zile zile mlizofuta zingetosha."

Nasike aliacha kazi. Kabla ya kuondoka aliurudisha ule mstari kama ulivyokuwa, ng'ombe wote ndani, na Makokha hakuthubutu kuugusa, kwa sababu sasa wafadhili walikuwa wanautazama. Kichanga kinalelewa Bokoli na Nasimiyu. Kinaitwa Nasike, kama mama yake alivyoahidi, na kila kinapoitwa, mkubwa wake wa jina hilo huinamisha kichwa.

Sasa wewe. Umesoma hadi hapa na unataka kufunga, useme, "Maskini Roselyne," uende ukanywe chai. Kaa hapo. Ukiwa wewe ndiye unayeunda, rudisha majina uliyofuta, leo, kabla hujala. Ukiwa bosi, simama mbele ya wageni wako na useme ng'ombe ni wa nani. Ukiwa mtumiaji tu, teremsha kidole chako hadi chini kabisa sasa hivi, na ukikuta pamefutwa peupe, uliza kwa sauti, uliza tena, usikubali kujibiwa kwamba ni kazi ya mikono yao wenyewe. Usingoje upewe jembe la kuazima kaburini ndipo ujifunze kutaja. Makokha ndiye aliyetukana, Nasike ndiye aliyenyamaza, na aliyekwenda kujifungua alikuwa Roselyne. Kesho atakwenda mwingine, labda wa kwako. Uzazi ungalipo: usitukane wakunga.